Ukili wa Chane Tisa na Watazamaji Laki Sita

Kwa muda wa siku nne, miaka mitatu iliyopita, bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu mashuhuri pasipo mwenyewe kuwa na habari. Yeye alikuwa ameketi barazani kwake Bweni, ng'ambo ya Mto Pangani, akichana kindu za kusukia mikeka kama afanyavyo kila asubuhi baada ya chai, huku video ya sekunde 19 inayomwonyesha akinipiga mkononi kwa tita la kindu na kuniuliza, "Mkono huo, au mchi wa kinu?" ikihama kutoka simu hadi simu kwa kasi ambayo kazi yangu nyingine yoyote haikuwahi kuikaribia. Ilipofika siku ya nne, watazamaji walikuwa laki sita na ushei. Makala yangu iliyotangulia, niliyoiandika kwa majuma mawili na kueleza kwa picha 14 namna ukili, utepe unaoshonwa kuwa mkeka, unavyoanzwa, ilikuwa imesomwa na watu 41.

Nimejizuia muda mrefu kuandika juu ya jambo hili, kwa sababu ukilitazama upande mmoja ni majivuno, na ukiligeuza ni malalamiko. Lakini juma lililopita kijana mmoja wa hapa Tanga, anayerekodi mafundi wa majahazi, aliniuliza afanye nini ili kazi zake zitrendi, nami nikajikuta sina jibu fupi la kumpa. Nilimwambia nitamwandikia.

Kazi inayonilisha ni ya utunzaji wa hesabu mjini Tanga. Jumamosi hupanda basi la Pangani, mwendo wa takriban kilomita 50, kisha huvuka kwa kivuko. Nilianza kuandika kuhusu mikeka kwa sababu ya aibu ndogo. Nilitumwa dukani kununua vitandiko vya msibani, muuzaji akaniuliza kama nataka mikeka au majamvi, ya ukindu au ya miyaa, yenye taraza au isiyo na taraza, na mimi, mjukuu wa msukaji, nikabaki kunyoosha kidole kama mgeni aliyeshuka melini. Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa bibi na daftari.

Kwa asiyejua, mkeka haufumwi ukatoka mzima kama kitambaa. Makuti machanga ya mkindu hukatwa, yakaanikwa juani hadi yakawa meupe, kisha yakachanwa kuwa vipande vyembamba vyenye upana unaolingana, navyo huitwa chane, ingawa vijana wengi leo wanaijua chane ya ndizi peke yake. Zinazotakiwa rangi huchemshwa katika sufuria yenye rangi. Chane hizo husukwa kuwa utepe mrefu uitwao ukili, ambao bibi huupima kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, na ukili ukishatosha ndipo unaposhonwa ubavu kwa ubavu hadi mkeka ukapatikana. Mkeka mmoja wa kitandani unaweza kumchukua bibi miezi miwili, kwa sababu anasuka katikati ya swala, wageni na usingizi wa mchana. Katika pwani yetu kazi hii ni ya wanawake. Mwanamume husuka madema ya kuvulia samaki, lakini ukili humwachia mkewe, na ndiyo maana watu walicheka kumwona mtu mwenye ndevu amekunja miguu barazani, amebana ncha ya ukili kwa kidole gumba cha mguu, anapigwa na bikizee kwa sababu chane zimemlegea.

Video ile haikupangwa. Binamu yangu alikuwa ameshika simu ili nipate picha za mikono, nami nikakosea, bibi akanipiga. Niliiposti usiku nikiwa ndani ya basi la kurudi, kwa kuwa bando lilikuwa karibu kuisha na video fupi ndiyo iliyowezekana kupanda. Hakuna mkakati wowote uliotumika, jambo ambalo nimewaeleza watu wengi na hakuna aliyeniamini.

Siku zilizofuata sikuwa mtu mzima kazini. Nilikuwa nikiingiza risiti kwenye kompyuta huku simu imelala juu ya mapaja, nikiitazama kila baada ya dakika moja au mbili kuona tarakimu imepanda kiasi gani, na usiku niliiweka chini ya mto. Mashabiki wa mpira wakaichukua sauti ya bibi na kuibandika juu ya picha za washambuliaji waliokosa mabao ya wazi. Mtu mwingine akaibandika juu ya picha za fundi aliyeweka vigae vilivyopinda. Nilicheka sana, sikatai. Wafuasi wangu waliongezeka kutoka mia tatu na kitu hadi zaidi ya elfu kumi na moja, na kila aliyenifuata alikuwa amefuata kofi. Hakuna aliyefuata ukili. Jambo hilo lilikuwa wazi tangu saa ya kwanza, kwani katika mamia ya maoni niliyoyasoma sikuona hata moja lililouliza bibi anasuka nini. Nililiona, nikajifanya sijaliona.

Nilichofanya baadaye ndicho kinachonitia aibu. Jumamosi iliyofuata nilikwenda Bweni nikiwa na kishikio cha simu nilichokinunua kwa ajili hiyo, nikakaa karibu zaidi na bibi ili mkono wake unifikie kwa urahisi, na nikakosea kwa makusudi. Alinipiga. Video ile ilipata watazamaji elfu tisini. Ya tatu ilipata elfu thelathini, nami nikaisoma tarakimu ile kama mgonjwa anavyosoma kipimo cha homa, nikahitimisha kwamba makosa yangu hayakuwa makubwa ya kutosha. Mara ya nne nilisuka vibaya kwelikweli, pima nzima, nikaziacha chane zikapindana na kukatika.

Bibi hakunipiga. Aliuchukua ule ukili, akauweka mapajani, akaanza kuufumua chane moja baada ya nyingine, akitenga zile zinazoweza kutumika tena na zilizokatika. Zilizokatika zilikuwa nyingi. Alifanya hivyo kwa muda mrefu, na simu ilikuwa bado inarekodi juu ya kile kishikio. Mwisho akasema, "Mume wangu, wewe kusuka unajua. Mwezi uliopita umesuka vizuri hapahapa, mimi nikanyamaza ili usilewe sifa. Leo umeharibu makusudi, na kindu hizi nimezichana mimi." Kisha akanionyesha vidole vyake, ambavyo kwa umri wake huuma kila asubuhi ya baridi, na akarudi kwenye kazi yake.

Mtu wa pwani anajua kwamba bibi akimwita mjukuu wake mume wangu huwa ni utani na mahaba. Siku ile ulikuwa utani uliobeba mzigo. Video ile ninayo bado. Sikuiposti, ingawa nitakuwa mwongo nikisema sikuwaza hata kidogo kwamba ingeweza kupata watazamaji wengi kuliko zote.

Katika wiki hizohizo kampuni moja ya michezo ya kubashiri iliniandikia ikitaka bibi aitamke ile kauli yake mbele ya jina la kampuni, kwa malipo yaliyozidi mishahara yangu miwili. Bibi ni mtu wa msikitini, kamari kwake haina mjadala, na jibu nililijua kabla sijamaliza kusoma ujumbe. Hata hivyo nilikaa nao siku tatu kabla ya kukataa, nikipiga hesabu ya paa la nyumba yake, nikijidanganya kwamba ninafikiria kwa niaba yake. Sikumwambia kamwe.

Tangu hapo nimejaribu kuelewa tarakimu ile ilinifanya nini. Facebook ilipoweka kitufe cha kupenda, Februari 2009, mmoja wa watu waliokibuni alikuwa Leah Pearlman, ambaye baadaye aliiacha kampuni hiyo na kuchora vikatuni. Mwaka 2018 alieleza katika mahojiano na BBC kwamba naye alikuwa amenaswa, akawa anaipima thamani yake kwa idadi ya waliobonyeza. Na amepata kusimulia pia kwamba vikatuni vyake vilipopungukiwa na wapenzi alinunua matangazo ili idadi irudi. Ninamkumbuka mama huyu kila ninaposhawishika kuamini kwamba udhaifu huu ni wa washamba tuliofika mtandaoni jana. Mpishi mwenyewe aliungua kwa jiko alilolijenga.

Kwa maoni yangu, kupenda sifa si ubaya. Bibi mwenyewe anazipenda. Mtu akiusifia mkeka wake huugeuza ili amwonyeshe na upande wa chini. Tofauti ni kwamba sifa anayoipenda bibi inatoka kwa mtu aliyeukalia mkeka huo, au aliyewahi kusuka, au aliyeununua kwa fedha zake na atakayerudi kulalamika ukifumuka. Tarakimu iliyo chini ya video haimtofautishi mtu huyo na yule aliyepitisha kidole chake akisubiri daladala ijae. Wote ni moja na moja. Mimi ni mtu wa hesabu, na katika hesabu tunajua kwamba ukijumlisha vitu visivyo vya aina moja utapata jumla iliyo sahihi na isiyo na maana. Ukianza kuifanyia kazi jumla hiyo, utakuwa unamfanyia kazi mtu ambaye hayupo, na atakayeumia ni aliye karibu nawe, ambaye kwangu mimi alikuwa bikizee mwenye vidole vinavyouma.

Fedha ni suala jingine, na sitaki kulipita kwa mdomo wa mtu aliyeshiba. YouTube humtaka mwenye chaneli awe amefikisha wafuatiliaji 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au watazamaji milioni 10 wa video fupi ndani ya siku 90, kabla ya kumgawia mapato ya matangazo. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Video yangu ya namna ya kushona ukili ni ya dakika 24, maana yake ni lazima itazamwe mara 10,000, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila mtu kuchoka njiani. Nilipoifanya hesabu hiyo nilielewa kwa nini wenzangu wengi hubadilisha kazi badala ya kusubiri. Hapa Tanzania kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliongeza uzito upande wa pili wa mizani, kwa kumtaka mwenye blogu alipe shilingi 100,000 za maombi, shilingi milioni 1 ya leseni na shilingi milioni 1 nyingine ya ada ya kila mwaka. Kanuni hizo zimerekebishwa zaidi ya mara moja tangu wakati huo, lakini ninakumbuka wengi walivyofunga blogu zao, na nyingi ya zilizobaki, kwa nilivyoona mimi, zilikuwa zile ambazo habari zake zinauzika haraka. Mtu anayedaiwa milioni kwa mwaka hawezi kuandika juu ya taraza za mikeka. Atatafuta kiki, na kumlaumu yeye peke yake ni kuukwepa ukweli.

Kwa hiyo simsemi vibaya anayevuma. Kili Paul, Mtanzania mwenzetu, alijulikana India tangu mwaka 2021 kwa kuziigiza nyimbo za Kihindi kwa midomo akiwa amevaa mavazi yake ya Kimaasai, na Februari 2022 ubalozi wa India nchini ukamtunuku. Sijawahi kuona dalili kwamba kijana yule anaudhihaki wimbo au kuidhihaki shuka yake, na kama kuvuma kwenyewe ndiko huko, basi kuna heri yake. Ninachokipinga ni ule ushauri wa kumwambia kila mtu atazame kinachopendwa kisha akifanye, kana kwamba mtu huwa na kazi moja tu, ya kupendwa.

Ninaupinga pia ushauri wa kinyume chake, wa kwamba kizuri chajiuza. Methali hiyo ilitungwa sokoni, mahali ambapo mnunuzi hupita mbele ya bidhaa kwa miguu yake. Mtandaoni kizuri hakijiuzi. Kinazama chini kama nanga, na usipokiweka mwenyewe mahali panapoonekana hakuna atakayekifikia. Mimi nikimaliza makala huituma kwenye makundi mawili ya WhatsApp ya watu wa Pangani, huipeleka kwa mwalimu mmoja wa sanaa anayeitumia darasani, na huandika kichwa cha habari kinachosema wazi kilichomo. Sioni unafiki katika kutangaza kazi, mradi tu unachokitangaza ndicho kilichomo ndani.

Siku hizi ninatoa kazi moja kwa mwezi, wakati mwingine hakuna. Instagram imewaruhusu watumiaji tangu Mei 2021 kuficha idadi ya wanaopenda, nami nimeificha. Maoni ninayasoma Jumapili jioni, yote kwa pamoja, nikiwa nimekwisha kula. Wafuasi elfu kumi na moja walipungua taratibu hadi kama elfu nne na mia kadhaa, na kwa miezi miwili ya kwanza kila aliyeondoka nilimhisi kama jirani aliyehama usiku bila kuaga. Baadaye nilizoea. Video ya kofi sijaifuta, kwa sababu ni ya kweli: nilikosea na nikapigwa. Zile tatu za baadaye, ikiwamo ya pima nzima ambayo haikutoka kamwe, ziko katika faili moja kwenye kompyuta yangu, na faili hilo nimelipa jina ambalo siliandiki hapa.

Na watu 41 je? Ile makala ya picha 14 iliendelea kusomwa polepole, na karibu mwaka mmoja baada ya kuitoa nilipata ujumbe kutoka kwa mama mmoja aliyeko Muscat, ambaye wazazi wake waliondoka Pemba akiwa mtoto wa miaka sita. Hakunisifu. Alianza kwa salamu, akaulizia afya ya bibi, kisha akaandika kwamba nimekosea: "Umesema ni ukili wa chane saba, mwanangu, lakini nimezihesabu katika picha yako ya tatu na ya tano, ni tisa. Nimejaribu kwa saba haukulala." Nilifungua picha, nikaikuza, nikahesabu kwa ncha ya kalamu. Zilikuwa tisa. Katika picha iliyosomwa kwa mwaka mzima hapakuwa na mwingine aliyezihesabu, hata mimi niliyeipiga. Sijui kama nimewahi kupata furaha kubwa zaidi kutokana na kusahihishwa, nami ni mtu ambaye hukasirika akisahihishwa.

Nilibadilisha saba ikawa tisa, nikaweka mstari wa kueleza kwamba kosa limerekebishwa, kisha nikamwandikia mama yule kumwomba anitumie picha ya aliyousuka yeye. Ilichukua wiki mbili kufika. Alikuwa amepata kindu kutoka kwa jamaa aliyekuja kutoka Wete, Pemba, akasuka kama dhiraa moja, akaupiga picha juu ya kochi la rangi ya maziwa.

Jumamosi nilivuka nayo. Nilimweleza bibi kwamba kuna mtu Muscat amezihesabu chane zake kwenye picha akaona ni tisa. Hakushangaa hata kidogo, akasema, "Sasa alidhani ni ngapi?" Ilinibidi nikiri kwamba wa saba ni mimi. Nikampa simu. Aliisogeza mbali na macho, akairudisha karibu, akatumia kidole chake kufuata ukingo wa ukili ule kana kwamba angeweza kuugusa kupitia kioo, akafika mahali ambapo chane zimeachana kidogo upande wa kushoto, akatikisa kichwa.

"Mkono huo," akasema, "au mchi wa kinu?"

Kishikio cha simu kilikuwa nyumbani Tanga, na simu yenyewe ilikuwa mikononi mwake. Nilimuuliza nimwandikie nini yule mama. Akaniambia nimwambie aziloanishe kindu kabla ya kuanza, si sana, kiasi cha kuzilainisha tu, na kila akikunja upande wa kushoto avute kabla hajaingiza chane inayofuata, kwa sababu wanaojifunza wote hulegeza upande huohuo. Nikaandika yote kama alivyosema. Lile la mkono na mchi sikuliandika.